Wazazi wa Tabora na Kigoma, msiwaondoe watoto kwenye Historia

Mwalimu wa Kata

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Historia kwenye sekondari moja hapa Tabora mjini. Kila msimu wa kuchagua michepuo ukifika, wazazi wananifuata na ombi lile lile: "Mwalimu, huyu mtoe kwenye mambo ya kale, aende sayansi." Sina ugomvi na sayansi. Madaktari na mafundi tunawahitaji, na mtoto mwenye kichwa cha hesabu aende huko kwa moyo wote. Kinachoniuma ni sababu inayotolewa, kwamba Historia ni habari za marehemu: mtoto anameza tarehe, anazitema kwenye mtihani, kazi imeisha.

Mimi naamini mzazi anayefikiri hivyo anamnyima mwanawe mazoea ambayo hatayapata kirahisi kwenye somo jingine. Nayo ni kuuliza: huyu anayesema haya alikuwepo? Kayajuaje? Anataka nini kwangu?

Nawapa mfano wa hapa hapa. Mtoto wa Tabora amekua akisikia jina la Mirambo kila siku, hadi kambi ya jeshi inaitwa hivyo. Muulize Mirambo alikuwa nani, atakujibu bila kupepesa: mtemi wa Urambo aliyepigana na Waarabu. Muulize umejuaje, ananyamaza. Kwangu mimi kipindi kinaanzia kwenye ukimya huo.

Mtu mmojawapo aliyeandika sana juu ya Mirambo ni Stanley, mwandishi wa gazeti aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Alikuta Mirambo amefunga njia ya Ujiji, akaungana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora ya leo, kwenda kumpiga, na wakashindwa vibaya. Kwenye maandishi yake ya safari ile Mirambo ni jambazi na mharibifu. Mwaka 1876 Stanley akarudi huku, akakutana na mtu yule yule uso kwa uso, wakachanjiana na kuwa ndugu wa damu. Safari hii anamsifu, anamlinganisha na Napoleon.

Shahidi ni mmoja na anayesimuliwa ni mmoja, ila sasa kuna picha mbili. Darasani nawaambia wanafunzi wasichague kwanza ipi ni ya kweli. Waniambie Stanley alikuwa anataka nini mwaka 1871 na alikuwa anataka nini mwaka 1876. Mara ya kwanza njia imefungwa na posho inaisha. Mara ya pili Mirambo amekwisha patana na Waarabu, na mgeni anahitaji kupita salama. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili, tena anakaa nyuma kabisa na si msemaji, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona Mirambo mwenyewe hasemi kitu?" Tukatumia kipindi kizima kwenye swali hilo. Mirambo aliandikiana barua na balozi wa Uingereza Zanzibar, lakini kalamu ilishikwa na watu wengine. Kwa hiyo hata pale anaposema, kuna mtu katikati. Na masimulizi ya wazee wa Urambo je, yamepitia midomo mingapi? Binti yule hatakuja kusahau Mirambo, na wala sikumwambia akariri.

Mfano wa pili unagusa mfuko moja kwa moja.

Mwanafunzi mmoja alileta sarafu ya bibi yake, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Ni ya shaba, imechakaa, lakini ukiipindisha kwenye mwanga wa dirishani unasoma heller 20, pesa ya enzi za Mjerumani, mwaka 1916 na herufi T. Nikaipitisha dawati kwa dawati. T ni ya Tabora. Kwa nini Mjerumani apige pesa Tabora wakati kwao kuna viwanda vya sarafu? Kwa sababu ni wakati wa vita, meli za kivita za Waingereza zimeziba pwani, na sarafu haziingii. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha pesa. Zikapigwa za shaba, na kidogo za dhahabu za rupie 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe ya Sekenke. Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji.

Sasa kumbukeni zile sauti zinazozunguka WhatsApp kila mara: Mjerumani aliacha masanduku ya dhahabu mahali fulani, ramani ipo, tuma laki tano ya vifaa tugawane. Nawajua vijana waliouza bodaboda kwa ajili ya ramani hizo. Nilipolitaja jambo hilo, kijana mwenye sarafu akauliza: "Watu waliokosa hela mpaka wakafua za shaba kwenye karakana ya reli, ndio waliozika masanduku ya dhahabu?" Sikuwa na la kuongeza.

Nawakaribisha, hasa wenye mawazo tofauti.

---

Fundi Simu Ng'ambo

Mleta uzi umeandika vizuri ila umezunguka pale penye maumivu. Ajira iko wapi? Mimi nina diploma ya ualimu, Historia na Kiswahili. Niko hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, natengeneza simu. Mzazi anayemtoa mtoto kwenye Historia ameniona mimi.

Mwalimu wa Kata

Kaka, pole, na sitakuambia maneno matamu. Wahitimu wa ualimu ni wengi kuliko nafasi, na mzazi akiliogopa hilo ana haki yake. Lakini tutenganishe vitu viwili. Kusomea ualimu wa Historia kama kazi ya maisha ni uamuzi mmoja. Mtoto wa miaka kumi na minne kujifunza Historia kabla hajajua atakuwa nani ni jambo jingine kabisa. Hakuna anayesema Hisabati ifutwe kwa sababu wanahisabati hawana ajira.

Kakae siku moja kwenye baraza la ardhi la kata. Wazee wawili wanagombea shamba, kila mmoja ana mashahidi, mmoja ana karatasi ya mwaka 1974 wakati wa kuhamia vijijini, mwingine anaonyesha makaburi ya babu zake. Mjumbe wa baraza anafanya kazi ile ile niliyoeleza: nani alikuwepo, karatasi iliandikwa lini na nani, nani ana faida. Wakili anafanya hiyo, na mwandishi wa habari, na polisi mpelelezi. Hata daktari akiuliza maumivu yalianza lini na ulikula nini, anatafuta mfuatano wa sababu.

Nilisahau kitu. Njia ya msafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ipo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na Kwihara yetu ni moja ya vituo vyake. Pale kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mgeni akifika anataka mtu wa kumweleza mambo kwa undani, na hapo pana riziki kwa atakayejipanga.

---

Mama Migebuka

Mimi nipo Mwanga, Kigoma, mama wa biashara, elimu yangu ni ya darasa la saba. Nina swali la kweli, mwalimu. Nikienda Dar na mzigo, nikisema natoka Kigoma, jambo la kwanza naulizwa kama mimi ni Mrundi. Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule anakosoma Dar wanamwita mkimbizi. Analia kwenye simu. Hiyo historia inamsaidia nini mtoto wangu?

Mwalimu wa Kata

Dada yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye uzi huu, na nitalijibu kwa urefu.

Mpaka wetu na Burundi unaopita juu ya Manyovu una umri mdogo kuliko koo nyingi za Buha, nchi ya Waha. Hadi mwaka 1916 Kigoma, Burundi na Rwanda vyote vilikuwa ndani ya koloni moja la Mjerumani. Wabelgiji wakaingia wakati wa vita wakashika eneo lote hadi Tabora. Vita ilipoisha, mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walikaa wakagawana: Rwanda na Burundi zikabaki kwa Mbelgiji, Kigoma ikawa upande wa Mwingereza. Waha hawakuulizwa. Ndiyo maana Muha na Mrundi wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake wanaelewana sana, na ndiyo maana kuna familia zenye mashangazi pande zote mbili. Mwanao akisema "sisi tulikuwepo kabla mpaka haujachorwa", anasema jambo linaloweza kuthibitishwa kwa maandishi.

Lakini historia haiishii pale inapotupendeza. Ni kweli pia kwamba watu walikimbilia kwetu. Mwaka 1972 Warundi wengi walivuka baada ya mauaji kule kwao, wakapewa makazi Ulyankulu, hapa mkoani kwetu Tabora, na Katumba na Mishamo. Mwaka 1993 wakaja wengine. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Na wale wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000 serikali iliwapa uraia. Mchakato ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000 na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Kwa hiyo kijana wa Ulyankulu mwenye cheti hicho ni Mtanzania kamili kisheria, naye hastahili kutukanwa.

Mtoto anayejua haya hawezi kuvunjwa na neno la kejeli, na hatamgeuzia mwenzake kejeli hiyo hiyo. Wanaomcheka pale Dar wanahitaji kipindi hiki kuliko yeye. Mwalimu wao wa Historia angeweza kulimaliza jambo hilo kwa ramani mbili tu, moja ya 1914 na moja ya 1924.

Mama Migebuka

Asante mwalimu. Nimemsomea mume wangu. Jioni nampigia mtoto.

---

Mstaafu Reli ya Kati

Vijana, naomba nami nichangie. Nimefanya kazi ya reli Tabora na Kigoma mpaka nikastaafu. Reli hii ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Watu wanasifu reli ilileta maendeleo. Mimi nauliza, mbona Kigoma ina reli zaidi ya miaka mia na lami ya kutoka mikoa mingine imeifikia juzi? Watoto wafundishwe reli ilijengwa kubeba nini na kumpeleka nani wapi. Baba yangu alipanda behewa Kigoma akiwa kijana, akaenda mkonge Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba. Wenzake wengi hawakurudi, ndio hao Waha wa Tanga wajukuu wao wapo hadi leo.

Na hii meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba, tunayojivunia. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikafungwa kwenye makasha karibu 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza wakaiibua 1924, injini ikaonekana bado nzima, na 1927 ikarudi kazini. Mimi kama fundi grisi ile inaniambia jambo. Huwezi kupaka grisi kitu ambacho hutarajii kukirudia.

Mwalimu wa Kata

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kipindi cha wiki ijayo.

Mstari wako wa mwisho ni somo zima la ushahidi. Hakuna waraka unaohitajika kutuambia mafundi wale waliamini watarudi; mikono yao imetuachia jibu. Wanafunzi wangu nataka wajifunze kusoma vitu kama ulivyosoma wewe injini ile.

Na hilo la manamba liandikwe kwa herufi kubwa. Wakati wa Mwingereza Kigoma ilihesabiwa kama mahali pa kutoa watu wa kufanya kazi kwingine. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na Buha ilikuwa moja ya mashina yake. Mashamba ya biashara hayakuhimizwa huko kama kwingine, maana mtu mwenye kahawa yake nyumbani hapandi behewa kwenda kukata mkonge. Sasa SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Swali la mzee liulizwe tena leo, kabla treni haijaanza kupita: itabeba nini kwenda, na itarudi na nini?

---

Mwalimu wa Ujiji

Mwalimu mwenzangu, nakuunga mkono nikiwa karibu na mnara wa Livingstone pale Ujiji. Kila mgeni anakuja na maneno yale ya Stanley ya salamu, "Dr. Livingstone, I presume?", kila mtoto wa Ujiji anayajua. Darasani nawauliza wanafunzi: nani mwingine aliyasikia? Livingstone aliandika kuhusu siku ile. Ametaja bendera ya Marekani mbele ya msafara, ametaja mtumishi wake Susi akija mbio kumpa habari. Maneno ya salamu hakuyataja. Na kurasa za siku ile kwenye shajara ya Stanley zimechanwa. Hata tarehe wawili hawa hawakubaliani. Stanley ameweka 10 Novemba 1871, Livingstone mwishoni mwa Oktoba.

Halafu nawauliza swali la pili. Kulikuwa na mamia ya watu siku ile, wapagazi wa Kinyamwezi, wavuvi, Waswahili wa Ujiji. Mbona tunawajua watu wawili tu waliosalimiana? Hapo ndipo nawaleta kina Susi na Chuma. Livingstone alipofariki Mei 1873 huko Zambia ya leo, wao na wenzao waliukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, wakapita Unyanyembe, wakafika Februari 1874. Miezi tisa kwa miguu. Mwanafunzi akielewa hilo, Livingstone anakuwa mtu mmoja katikati ya watu wengi.

Mwalimu wa Kata

Mwalimu, hizo kurasa zilizochanwa nazichukua kesho asubuhi.

---

Kidato cha Nne B

Shikamooni walimu. Mimi natahiniwa mwaka huu. Haya yote ni mazuri lakini mtihani unataka hoja sita, utangulizi na hitimisho. Nikianza kuandika Stanley alitaka nini nitapata sifuri. Mwalimu wetu anatupa notisi tunakariri.

Mwalimu wa Kata

Marahaba mwanangu. Hofu yako ni halali. Mfumo wa maswali una sehemu kubwa ya lawama, nami napigania ubadilike: ukimpa mtoto swali lile lile miaka yote, atakariri jibu lile lile miaka yote.

Lakini jaribu hivi. Swali likija la sababu za kushindwa kwa upinzani dhidi ya Wajerumani, mwenzako ataandika "silaha duni" na sentensi mbili za kukariri. Wewe mkumbuke Isike, mtemi wa Unyanyembe. Aliwarudisha nyuma Wajerumani zaidi ya mara moja mwaka 1892. Januari 1893 walipovunja ngome yake, akawasha ghala lake la baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa. Jiulize: mtu mwenye ghala la baruti na ngome, silaha zilikuwa ndiyo sababu peke yake? Akina nani hapa hapa Unyanyembe walikuwa wanautaka utemi wake? Ukiuliza hivyo unapata hoja tatu zenye nyama kutoka tukio moja, tena huzisahau kwa sababu umezifikia mwenyewe. Hoja sita bado utazipata.

---

Mdadisi wa Cheyo

Mwalimu unaipamba Historia, lakini serikali zote hutumia somo hili kujisifu. Sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Hayo maadili yameingiaje? Si watoto wanafundishwa kushangilia tu?

Mwalimu wa Kata

Mkuu, hoja yako ina uzito. Somo hilo limekuja na mtaala mpya, ni la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili. Kiswahili nakipokea kwa mikono miwili. Nimeona wanafunzi waliokuwa bubu kwenye Historia ya Kiingereza wakibishana hadi kengele inalia.

Hofu yangu ni kama yako, kwamba somo linaweza kugeuka orodha ya mashujaa. Mirambo alijenga dola, na pia askari wake, ruga-ruga, walichoma vijiji na kuteka watu. Biashara ya pembe na watumwa iliyopita Tabora haikufanywa na wageni peke yao. Watemi wetu walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na watu wetu walibeba, walinunua na waliuza. Mtoto akifichwa hayo, siku atakayoyasikia kwingine ataona walimu wake wote ni waongo.

Mimi natumia uamuzi wa TANU hapa Tabora, Januari 1958. Mwingereza ameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili upige kura uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya miaka minane, au kazi inayotambuliwa. Ni tusi kwa watu walio wengi. TANU ishiriki au isusie? Nyerere alisimama upande wa kushiriki, mkutano ukamkubali. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake cha Congress.

Darasani nagawa wanafunzi makundi mawili na nawakataza kutumia chochote kilichotokea baada ya Januari 1958. Hawaruhusiwi kusema "lakini TANU ilishinda" wala "uhuru ulikuja 1961". Wajumbe wale hawakujua. Mara mbili sasa kundi la Mtemvu limeshinda mjadala darasani kwangu, na sikuwasahihisha. Walikuwa na hoja nzuri. Sijui kama huko ni kushangilia, mkuu. Njoo siku moja ukae nyuma ya darasa usikilize.

Mdadisi wa Cheyo

Nitakuja. Niandikie PM siku na saa.

---

Mwalimu wa Ujiji

Mwalimu wa Kata, kabla uzi haujapotea: wanafunzi wangu wakusanye masimulizi ya wazee wa Ujiji na Kigoma kuhusu Liemba na manamba, wako wakusanye ya 1958. Tubadilishane madaftari likizo ya Juni.

Mwalimu wa Kata

Nimekubali. Kila simulizi liandikwe jina la msimulizi akiridhia, umri wake, na kama aliona mwenyewe au alisimuliwa, na nani alimsimulia. Asiyeandika hayo matatu daftari lake linarudi. Mzee Mstaafu, ukituruhusu, wanafunzi wa Kigoma waanze na wewe na habari za baba yako. Mama Migebuka, mwanao akirudi likizo naye aje na daftari, aulize bibi na babu zake wa Manyovu kama wapo. Ambaye ana sarafu, risiti ya mkonge, kitambulisho cha zamani au picha ya familia, apige picha pande zote mbili kwa mwanga wa mchana na atuandikie imetoka kwa nani.

Mstaafu Reli ya Kati

Ninayo kadi ya baba ya manamba. Imechanika kona moja lakini namba inasomeka. Waje Jumamosi asubuhi, mchana nakwenda msibani.